Kigoma hakuna maonesho ya picha. Nihamie Dar?

*Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni binti wa miaka 24, naishi Mwanga, Kigoma. Najikimu kwa picha za harusi na za pasipoti, lakini ninachokipenda hasa ni kupiga maisha ya mji: soko la Mwanga, mwalo wa wavuvi wa Kibirizi, stesheni, Ujiji. Kila nikiwauliza waliotutangulia kwenye kazi hii, jibu ni moja: "Nenda kwenye maonesho ukaone kazi za wenzako." Maonesho gani? Huku mwisho wa reli hakuna ukumbi wa picha. Je, nihamie Dar? Na nikiingia kwenye maonesho nifanye nini, maana huwa nazunguka dakika tano natoka. Ndani inaruhusiwa kupiga picha? Halafu nina akiba kidogo: ninunue lenzi ndefu au ya milimita 50?*

Marahaba, mwanangu. Usihame, walau si kwa sababu hiyo. Dar nenda kama mgeni: fikia kwa shangazi, zunguka siku chache, rudi. Waliokutuma kwenye maonesho hawakukudanganya, ila wao wanawaza ukuta mweupe, taa ndogo inayomulika kila picha na wageni walioshika glasi za juisi. Hicho hatuna. Tulicho nacho ni picha zilizotundikwa ili watu wazione, na hizo mkoa wetu unazo. Hakuna tu aliyezikusanya chini ya paa moja akakuwekea kibao mlangoni.

Anzia Ujiji, kwenye makumbusho ya Livingstone. Najua utasema ulishaenda na shule. Watoto wengi wa mji huu walishaenda na shule: walipangwa mstari, wakaoneshwa miembe, wakasimuliwa Stanley alivyomkuta Livingstone mwaka 1871, wakarudi nyumbani na njaa. Safari hii nenda peke yako, siku ya kazi, kamera ikiwa ndani ya begi. Utauona mnara wa kumbukumbu na miembe iliyotokana na ule wa zamani uliokufa, na sanamu za Wazungu wawili wakisalimiana. Sasa jiulize kikazi: picha ya tukio lile iko wapi? Haipo. Haikupigwa. Unachokiona vitabuni na kwenye sanamu zenyewe kimetokana na masimulizi ya Stanley na michoro iliyochapwa baadaye huko Ulaya. Tukio linalojulikana kuliko yote yaliyowahi kutokea Ujiji halina picha hata moja.

Tazama tena, safari hii uangalie nani kawekwa katikati na nani kasukumwa pembeni. Kwa maelezo ya Stanley mwenyewe, aliyemsalimu kwanza kabla hajamwona Livingstone alikuwa Susi, mtumishi wa Livingstone, na baada yake akaja mwenzake, Chuma. Ndio hao hao ambao mwaka 1873, Livingstone alipofia katika nchi ambayo leo ni Zambia, waliubeba mwili wake pamoja na wenzao mpaka Bagamoyo, wakipitia Unyanyembe, ndiyo Tabora ya leo. Picha za Susi na Chuma zipo, ila zilipigwa Uingereza walipofika huko mwaka 1874. Ilibidi wavuke bahari ndipo mtu aone kwamba nao wanafaa kusimama mbele ya kamera. Mimi kila nikitoka pale natoka na swali moja tu, na ningependa nawe ulibebe: katika mji huu, leo, ni nani yuko pale pale jambo linapotokea na bado hayumo kwenye picha yoyote?

Hebu fanya hesabu ya picha za Kigoma zinazojulikana nje. Kuna Livingstone. Kuna Gombe: mtafiti wa sokwe Jane Goodall alifika mwaka 1960, na kuanzia 1962 mpiga picha Hugo van Lawick akawa anawapiga sokwe picha na filamu, mpaka leo mgeni akitajiwa Kigoma anafikiria sokwe kabla ya mtu. Kuna meli ya Liemba, iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande ndani ya makreti, ikaunganishwa hapa Kigoma na kushushwa majini 1915. Wajerumani wakaizamisha wenyewe mwaka uliofuata, ikaibuliwa 1924, ikarudi kazini 1927 kwa jina tunalolijua. Kuna wakimbizi, tangu Warundi wa 1972 hadi kambi ya Nyarugusu iliyofunguliwa 1996. Na kuna jua linalozama nyuma ya milima ya Kongo, ambalo kila mwenye simu analo na ambalo ningekuomba ulipumzishe kwa mwaka mzima.

Mama anayepima mawese sokoni Mwanga umemwona humo? Fundi anayeshona vitenge vilivyovuka ziwa? Kijana anayekaa mchana kutwa akichaji betri ili usiku taa za wavuvi ziwake? Kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi ili samaki wazaliane. Miezi mitatu, Kibirizi bila dagaa. Chanja tupu, mitumbwi juu ya mchanga, akina mama waliozoea kuamkia pale wanatafuta cha kufanya. Hilo ni jambo kubwa kwenye historia ya mji huu, na picha zake nyingi nilizoziona ni za viongozi kwenye meza ya mkutano, chupa za maji mbele yao. Ndiyo maana nakupeleka kwenye maonesho ya karibu kabla ya ya mbali. Kazi za wenzako zitakufundisha ufundi, sawa, lakini maonesho ya kwenu yanakuonesha pengo, na mpiga picha wa mji anaishi kwa mapengo.

Ukitoka Ujiji, usirudi nyumbani kabla hujapita kwenye studio za zamani, zile chache ambazo wenyewe wangali hai au watoto wao wamehifadhi vitu. Omba kuona picha ambazo wateja hawakurudi kuzichukua. Kila studio inazo, kwenye bahasha au kwenye boksi la viatu. Nilioneshwa moja ya mabinti watatu, vitenge sare, viatu vya kupokezana, maana wawili wanavyo na wa katikati kaficha miguu nyuma ya stuli yenye chombo cha maua ya plastiki. Mmoja kashika mkoba ambao ukiangalia picha nyingine za studio hiyo hiyo unaukuta mikononi mwa watu wengine kabisa: ulikuwa wa studio. Nyuma kuna muhuri uliofifia na mwandiko wa kalamu ya wino, "Ukumbusho wa Idi." Ukiitazama kwa utulivu unajua bei ya viatu ilikuwaje, unajua mabinti wale walitaka waonekane vipi, na unajua mpiga picha alikuwa mtu mwenye huruma. Sijawahi kuona picha ya Ujiji iliyonieleza mengi kuliko hiyo, na haijawahi kutundikwa popote.

Vivyo hivyo kwenye korido za ofisi za umma, ambako wakuu waliopita wamepangwa ukutani kwa mfuatano, kuanzia za rangi nyeusi na nyeupe hadi za rangi. Nayo ni maonesho. Utaona fremu zilivyobadilika, suti zilivyobadilika, na mahali ambapo mtu mmoja karukwa kwa sababu picha yake haikupatikana. Ukienda kufuata cheti, tenga dakika kumi.

Sasa hilo la kuzunguka dakika tano na kutoka. Tatizo ni kwamba unasoma maelezo kwanza. Wengi wetu tunafanya hivyo: jicho linaruka kwenye karatasi iliyobandikwa chini, likishaambiwa picha inahusu nini linaridhika na kusonga mbele. Mzunguko wa kwanza usisome chochote. Tembea polepole, mikono nyuma, usijilazimishe kuelewa. Angalia tu ni picha ipi inayokusimamisha. Ikikusimamisha, kaa hapo mpaka ujue ni nini kimekushika: mwanga, mkono wa mtu, kitu kilichokatwa na ukingo. Ukingo wa picha uangalie sana. Mpiga picha hodari utamjua kwa anachokiacha kiingie nusu.

Mzunguko wa pili ndio wa kusoma, na hapo soma kama mhasibu. Maelezo yanataja jina la nani? Mara nyingi utakuta mpiga picha katajwa, mfadhili katajwa, mgeni rasmi katajwa kwa cheo chake kirefu, halafu aliyepigwa picha kaandikwa "Mwanamke akianika dagaa". Ana jina huyo. Ana mtaa, na dagaa wale alikuwa anawauza kisado kwa bei fulani siku ile, bei ambayo baada ya miaka ishirini watu wangetoa pesa kuijua. Andika kwenye daftari lako maelezo ambayo wewe ungeyaandika badala ya yale. Zoezi hili peke yake litabadilisha unavyopiga picha, kwa sababu ukijua kwamba utahitaji jina, utaongea na mtu kabla hujaondoka.

Angalia pia mpangilio. Picha hii kwa nini iko jirani na ile? Ipi imekuzwa na ipi imefanywa ndogo? Makumbusho na kumbi nyingi hutundika ili katikati ya picha iwe kwenye usawa wa macho, kama sentimita 150 kutoka sakafuni. Kwetu utakuta zimepandishwa karibu na dari, na kioo kinarudisha mwanga wa dirisha usoni mwako hadi unajiona mwenyewe badala ya picha. Usicheke, jifunze. Siku ukitundika zako utakumbuka dirisha liko upande gani.

Mzunguko wa tatu zipe picha mgongo, uangalie watu. Hapa ndipo kazi yako wewe, mpiga picha wa mji, inapoanza. Nani kasimama muda mrefu? Nani anamwita mwenzake? Watoto wanaonyooshea nini kidole? Wazee wa Ujiji wakiona picha ya mtaa wa zamani hawaitazami kama sisi. Wanaisoma kutoka kulia kwenda kushoto wakitaja nyumba za watu, wanabishana, na mmoja wao lazima aseme kwamba pale hapakuwa na duka bali msikiti mdogo. Simama karibu, sikiliza, usiingilie.

Na usitoke bila kusoma kitabu cha wageni. Safu ni zile zile kila mahali: tarehe, jina, anakotoka, maoni, sahihi. Kwenye maoni utakuta "Pazuri", "Vizuri sana", "Hongereni", kurasa na kurasa. Halafu katikati yake, kwa mwandiko wa kubana, mtu kaandika sentensi mbili kwamba babu yake alikuwa mpagazi na hakuona habari za wapagazi. Sentensi kama hizo ndizo zitakazokuelekeza pa kwenda kupiga picha. Ziandike kwenye daftari, ila majina ya watu yaache humo kitabuni.

Kupiga picha ndani: uliza kwanza, kila mahali, hata kama mwezi uliopita uliruhusiwa. Makumbusho mengine yana ada ya kamera, mengine yanaruhusu simu na kukataa kamera kubwa, na anayejua ni mhifadhi aliyeko zamu. Zima flashi. Inarudi kwenye kioo, na inawafukuza watu uliotaka kuwapiga. Kazi ya mtu mwingine usiipige ikajaa fremu nzima ukaiweka mtandaoni. Ni mali yake kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na ofisi inayoshughulikia hayo, COSOTA, ipo. Unachotakiwa kupiga ni mtu mbele ya picha: bega la mzee na nyuma yake ukuta, msichana anayelinganisha urefu wake na sanamu. Mtu huyo naye mwombe. Tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyopitishwa 2022, na sura ya mtu inayotambulika ni taarifa yake. Sitakuchosha na vifungu. Kwa vitendo: mwambie wewe ni nani, picha inakwenda wapi, mwachie namba yako, na kwa mtoto ongea na mzazi.

Stesheni na bandari ni habari nyingine. Huko, pamoja na kambi za jeshi na vituo vya polisi, usiinue kamera bila ruhusa hata kama unapiga njiwa. Andika barua kwa mkuu wa stesheni, taja siku na saa, eleza ni kumbukumbu ya maisha ya mji, ambatanisha nakala ya kitambulisho. Na iandike mapema. Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na jengo lile la Wajerumani limezoea treni ile ile ya geji ya mita miaka yote hiyo. Mkataba wa kujenga reli ya kisasa kutoka Tabora hadi Kigoma ulisainiwa Desemba 2022. Pilikapilika za jukwaa la zamani, mabeseni ya migebuka, magunia, watu waliolala juu ya mizigo wakisubiri, zina muda wake. Kwenye kambi za wakimbizi usijaribu kabisa bila kibali cha Wizara ya Mambo ya Ndani.

Kuna maonesho mengine ambayo nadhani hujayahesabu kwa sababu yanaitwa ya wakulima. Nane Nane ya Kanda ya Magharibi, yaani Tabora na Kigoma, hufanyika Ipuli, Tabora, siku za mwanzo za Agosti hadi tarehe 8 yenyewe. Panda treni. Ni kilomita mia nne na ushee kwa reli, na safari yenyewe ni kazi: ukikaa daraja la tatu na ukaongea na watu, utafika Tabora na kadi ya kamera iliyojaa nusu. Pale Ipuli usipige ng'ombe wa maonesho, kila mtu anawapiga. Nenda banda kwa banda uangalie picha zilizochapwa kwenye mabango. Karibu kila banda lina mkulima wa bango: meno meupe, shati limenyooshwa, jembe halijagusa udongo. Chini yake kasimama mkulima mwenyewe, kachoka na vumbi la safari, kakumbatia mche wa mchikichi kwenye kiriba, anasubiri mtu amweleze bei ya mbegu. Hizo ni picha mbili za mtu mmoja, na wewe ndiye unayeweza kuziweka kwenye fremu moja. Ukibakiwa na siku, nenda Kwihara, nje kidogo ya mji, kwenye tembe walimokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872. Mimi huwa navutiwa zaidi na mlango wake wa nakshi kuliko vilivyomo ndani, lakini hilo ni jicho langu.

Sasa nikueleze ninachoamini zaidi kuliko yote haya: maonesho unayoyatafuta utayaandaa wewe. Malick Sidibé wa Bamako, Mali, alikuwa mtu wa studio ya mtaani kama wewe. Wikiendi alikuwa anapita kwenye madansi ya vijana akipiga picha, usiku huo huo anasafisha filamu, halafu anabandika vipicha vidogo kwenye makaratasi magumu ya rangi na kuvitundika kwenye studio yake ili vijana waje wajitafute na kuagiza. Yale yalikuwa maonesho, yenye watazamaji kuliko kumbi nyingi. Miaka mingi baadaye ulimwengu ukamfuata: tuzo ya Hasselblad mwaka 2003, Simba wa Dhahabu wa maonesho ya sanaa ya Venice mwaka 2007. Hakuhamia Paris kwanza.

Wewe chagua picha kumi na mbili za Kibirizi. Kumi na mbili zinatosha, na kuzichagua kutakuuma. Usizichape kwenye karatasi ya studio. Nenda kwa wanaochapa mabango, wazichape kwenye turubai la bango, watoboe matundu ya pete kwenye pembe. Ni bei nafuu, upepo wa ziwa hauchani, na mvua ikinyesha unapangusa. Acha ukingo mweupe mpana chini ya kila picha. Funga kamba kati ya nguzo za banda la mama lishe, mahali wanapopita wabebaji na wachuuzi, na urefu uwe wa macho ya mtu aliyeketi kwenye benchi, kwa sababu pale watu wanakaa. Usitundike siku za mbalamwezi: taa hazivuti dagaa mwezi ukiwa mkubwa, wavuvi wengi hawaendi, na asubuhi yake pwani ni tupu. Subiri giza. Asubuhi mitumbwi ikirudi, ndipo wahusika wote wapo.

Kisha weka kalamu ya wino mzito, ifunge kwa uzi. Watu watajitafuta kwanza, watacheka, atakuja mtu kulalamika mbona yeye hukumpiga, na ndani ya saa moja watakuwa wanakusahihisha: huyu si fulani, ni mdogo wake, boti hii ilishauzwa, pale palipo na maji sasa palikuwa na kibanda changu, ziwa likapanda likachukua. Waambie waandike kwenye ule ukingo mweupe. Ukimaliza siku utakuwa na maelezo ya picha ambayo mtu wa nje hawezi kuyapata kwa mwaka. Kila aliyeonekana mpe nakala yake, ndogo tu, hata ya saizi ya kadi. Kumbuka mabinti wale wa Idi: watu hutunza picha yao kuliko unavyofikiri, na anayekuja kumpiga mara ya pili hukaribishwa chai.

Kabla ya kufunga kamba pita kwa mwenyekiti wa mtaa, na manispaa muone afisa utamaduni. Atakueleza kama tukio lako linahitaji kibali na kama ujisajili BASATA, baraza lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1984 kusimamia sanaa. Watu wengi wa kazi yetu wanaogopa ofisi hizi. Kwa uzoefu wangu afisa utamaduni wa mkoani ni mtu mpweke anayefurahi akiona msanii kaja bila kuitwa.

Na kwa kuwa wewe ni binti, nikwambie wazi. Kibirizi alfajiri usiende peke yako mara za kwanza. Nenda na mmoja wa akina mama wanaonunua dagaa, na mbele za watu mwite mama. Hao ndio wenye pwani asubuhi, wanaume wanapita tu. Upande wa pili, wewe unaweza kuingia ambako sisi wanaume tunaishia barazani: saluni, jikoni siku ya shughuli, chumba bibi harusi anamovalishwa. Unalipwa kupiga harusi wikiendi kwa wikiendi. Picha tano za nyuma ya pazia kwa kila harusi, kwa ridhaa ya wenyewe, zikusanye miaka mitatu, na hakuna mtu Dar atakayekuwa nazo.

Ukifika Dar, basi, pita kituo cha sanaa cha Nafasi Art Space kule Mikocheni, iko tangu 2008, na kazi za vijana huwa hazikosekani. Pita Makumbusho ya Taifa, yaliyofunguliwa mwaka 1940. Ukiwa na nauli ya boti vuka Zanzibar ukaone Capital Art Studio, aliyoifungua Ranchhod Oza mwaka 1930 na picha zake za zamani bado zinatazamwa ukutani. Hapo utaelewa boksi la viatu la Ujiji lingeweza kuwa nini. Kila mahali fanya mizunguko ile mitatu.

Lenzi: chukua ya milimita 50. Lenzi ndefu itakusimamisha mbali, na Kibirizi mtu anayelenga watu kutoka mbali wanamdhania wa kodi au wa usalama. Ya 50 inakulazimisha usalimie kwanza, na kwa kuwa tundu lake la mwanga linafunguka sana utaweza kupiga ndani ya makumbusho na studio zenye giza bila flashi. Ila angalia kamera yako. Kama sensa yake, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, ni ndogo, kama nyingi za bei ya kati, milimita 50 itakuwa inabana kwenye vyumba vyetu. Hapo bora ya 35. Ya mtumba si mbaya, lakini kabla ya kulipa itoe kwenye kamera, ielekeze kwenye mwanga mkali, uchungulie kutoka nyuma kama kuna utando mweupe mithili ya nyuzi za buibui. Huo ni ukungu, na kwa unyevu wa ziwa hili hautaacha kusambaa. Chenji itakayobaki ipeleke kwa wachapa mabango.